Mhehe, mchokoze Mngoni wako

Mama Wawili wa Morogoro ananiandikia: "Shangazi, mimi Mhehe, mume wangu Mngoni. Zamani nyumba yetu ilikuwa kelele tupu. Tangu biashara yake iyumbe mwaka jana, akirudi ni yeye na simu yake, mimi na yangu, watoto na katuni. Namtumia video za vichekesho, ananijibu dole gumba. Nifanyeje tucheke tena?"

Mama Wawili mwanangu,

Hilo dole gumba limenivunja mbavu. Mtu yuko kochi la pili, unamtumia kichekesho kwa bando! Achana na hizo video. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa akitegea sikio watu wanaocheka madukani na mitaani, aliona kicheko kingi hakitokani na vichekesho kabisa. Hufuata maneno ya kawaida tu, mfano "haya, tutaonana". Tena aliona watu hucheka mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Basi kaeni kwanza.

Na wewe umebarikiwa, maana una mtani ndani ya nyumba! Wahehe na Wangoni walipigana karne ya 19, wajukuu wao wakabaki kutaniana, Mngoni akiitwa mla panya na Mhehe mla mbwa. Mke akimuuliza mumewe "mbona umenuna?", hiyo ni kesi. Lakini Mhehe akifunua sufuria mbele ya Mngoni akasema, "Utanisamehe, panya leo wameadimika sokoni, jikaze na maharage," atakasirikaje? Atakujibu kwamba ndiyo maana mbwa wa jirani haonekani tangu juzi. Watoto watauliza panya gani, mbwa gani, na hapo baba yao itabidi asimulie.

Anza mezani, simu zikiwa chumbani kwenye chaji. Usitangaze kwamba kuanzia leo tunacheka, atadhani umetoka semina. Siku ya kwanza huenda akaguna tu. Pokea huo mguno. Likizo ikifika, mwite bibi yao kutoka Songea. Bibi anayemwita mjukuu "mume wangu" na kumfukuza mjukuu wa kike jikoni kama mke mwenza hahitaji kufundishwa kazi, na vituko vya utotoni vya mwanawe anavyo vyote.

Ila biashara usiiguse. Utani wa panya unamchokoza kila Mngoni, wa madeni unamchoma yeye peke yake, tena mbele ya wanawe. Hilo liongeeni usiku, wawili, bila mzaha: mnadaiwa kiasi gani, na nani, na kipi kinaweza kulipwa mwezi huu. Pengine hajanuna, anapiga hesabu. Na ukiona hata hapo haongei, hali, halali, basi utani uweke pembeni, mwende pamoja hospitali mkamwone daktari.