Hass kwenye kinyungu? Mkuu, usilipie miche bado

Mkuu, weka jembe chini. Umeuliza mbolea ya kuanzia parachichi za Hass, nafasi ya kupandia, kama uchanganye na aina ya Fuerte, na wanunuzi wanapatikana wapi hapa Njombe. Mimi nimeishia pale uliposema shamba ni kinyungu cha babu, yaani bustani ya bondeni penye majimaji, udongo mweusi, "hata kiangazi hakikauki", na kesho unatoa hela ya miche ya ekari mbili. Usiitoe!

Na mimi nilipanda kinyunguni. Aliyeniuzia miche ndiye huyo huyo aliyejipa ubwana shamba. Kalamu mfukoni, buti safi, akakanyaga udongo mara mbili, akasema, "Parachichi linapenda maji, hapa umelamba dume." Linapenda maji kweli, ila yanayopita, siyo yanayolala. Yeye alichopenda ni kumaliza miche kabla haijapitiliza kwenye viriba. Simu yake siku hizi haipatikani, sijui naye alioza mizizi.

Mwanzoni ilistawi, majirani wakaja kupiga picha, nikaanza kuitwa bosi. Mvua zilipokolea msimu uliofuata, majani mapya yakatoka madogo, yamepauka, yananing'inia kama yana kiu na huku chini ni tope. Nikasema ni njaa, nikaongeza mbolea. Nikasema ni kiu, nikamwagilia. (Chekeni tu, mama watoto alishamaliza kucheka.) Matawi ya juu yakakauka kuanzia ncha kurudi chini. Tulipong'oa mche mmoja, mizizi myembamba ilikuwa myeusi tupu. Unauvuta mmoja kwa vidole, ganda linavuka, unabaki na uzi. Mizizi hiyo hutakiwa kuwa myeupe.

Huo ni ugonjwa wa kuoza mizizi, na kimelea chake kinaitwa Phytophthora cinnamomi. Kilitambuliwa kwanza kwenye mdalasini, ndugu wa parachichi, kule Sumatra mwaka 1922, kwa hiyo siyo mkosi wa ukoo wangu. Mbegu zake huogelea kwenye maji ya udongoni hadi zikute mzizi. Mizizi ya parachichi inayofyonza chakula iko juu juu na inataka hewa. Ukiizamisha siku chache tu umeshamwandalia mgeni meza. Akishaingia shambani hukaa miaka, na anasafiri kwa maji, jembe, buti, hata kwenye udongo wa kiriba cha mche wenyewe.

Atakuja mtu hapo chini akuambie kuna dawa ya kudunga kwenye shina. Ipo, fosfoneti, inasaidia mti ambao bado una nguvu. Uliobaki vijiti haufufuki. Mwingine atakuambia pandisha matuta. Matuta ni mazuri kwenye udongo mzito wa mteremkoni. Kinyunguni maji hayatoki juu tu, yanapanda kutoka chini, na mti ukikua mizizi itayafuata huko huko. Halafu kama kuna kijito, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Utahangaika na mizizi huku unahangaika na mtendaji.

Dawa ni shimo. Chimba futi tatu, jaza maji jioni, yakinywewa jaza tena, kalale. Asubuhi ukikuta maji bado yamesimama, hapo siyo pa parachichi, hata aje nani na kalamu mfukoni. Na ukichimba ukakuta maji yanachuruzika yenyewe ubavuni, usisubiri hata asubuhi. Mwezi wa tisa, kiangazi, kila shamba ni zuri. Bahati yako mvua zimeshaanza. Kinyungu endelea nacho kwa maharage na mboga kama babu, hakuwa mjinga yule. Hass itafutie mteremko, hata nusu ekari ya kukodi.

Fuerte changanya michache: ua la Hass hufunguka jike asubuhi, la Fuerte dume asubuhi, wanakutana. Nafasi, mita 7 kwa 7. Mengine tutaongea ukishakuwa na shamba.

Chimba leo jioni, asubuhi weka picha ya shimo hapa hapa kwenye uzi, kabla hujamtumia huyo muuza miche wako hata shilingi.