Maswali ya Wasomaji: Jiwe la Kakola si Jiwe la Nyarugusu

SWALI: Mimi ni msomaji wenu wa Buhongwa, Mwanza. Nina vati (tangi la kulowekea mchanga wa dhahabu kwa sayanaidi) Nyarugusu, Geita, na inanilipa. Sasa nimepewa bei nzuri ya marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuosha dhahabu, kutoka Kakola, Kahama. Mwenzangu anasema dhahabu ni dhahabu, nitumie vipimo vilevile vya sayanaidi na chokaa. Ni sahihi?

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Wengi wamezika mtaji wao hapo hapo. Dhahabu ni ileile, lakini vilivyomo pamoja nayo kwenye jiwe vinabadilika kutoka eneo hadi eneo, na baadhi yake vinaila sayanaidi yako.

Nyarugusu na Lwamgasa dhahabu nyingi ya wachimbaji wadogo iko kwenye mishipa ya mawe meupe, na sehemu ya juu imeshaoza na kuwa nyekundu. Ukisaga kwenye karasha (mashine ya kusagia mawe) na kupitisha mwaloni, yaani kwenye mbao za mteremko za kuoshea dhahabu, chembe kubwa zinabaki kwenye mbao, na zile ndogo zinakwenda na marudio ambayo vati huyamudu vizuri. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, unachimba hasa mwamba wa chuma wenye matabaka. Dhahabu yake ni ndogo mno kwa mwalo, kwa hiyo husagwa hadi unga na kuyeyushwa kwa sayanaidi kwenye matangi yenye kaboni.

Kakola ni jirani wa Bulyanhulu, mgodi mkubwa wa dhahabu, na pale mishipa ina pairaiti (madini ya chuma na salfa) na shaba. Makinikia (mchanga wenye madini yaliyokusanywa) yaliyozuiwa kwenda nje mwaka 2017 yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, yakiwa na dhahabu na shaba pamoja. Mgodi huo hautumii povu kwa anasa: unayaelesha madini yenye salfa juu ya povu kwa sababu dhahabu imefungiwa humo.

Fanya hesabu. Gramu 1 ya shaba iliyoyeyuka hufunga kama gramu 2.3 za sayanaidi ya sodiamu. Marudio yakiwa na kilo 1 ya shaba inayoyeyuka kwa kila tani, umepoteza kilo 2.3 za sayanaidi kwa tani kabla dhahabu haijaguswa. Kwenye vati la tani 40 ni kilo 92. Kaboni inayonasa dhahabu nayo hujaa shaba, na kwenye ilusheni (kazi ya kukamua dhahabu kutoka kwenye kaboni) unalipia kukamua shaba ambayo hukuitafuta.

Kabla ya kutoa hata senti, kagua mawe yaliyotoa hayo marudio. Ukiona madoa ya kijani au buluu kwenye nyufa, hiyo ni shaba iliyooza, na huyeyuka haraka kwenye sayanaidi. Kisha chimba vishimo kila baada ya mita 2, kutoka juu hadi chini kabisa ya lundo. Usichote usoni tu, kwani mvua imeshapapanga upya. Changanya, gawa sehemu nne, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia hadi zibaki kilo 2. Omba maabara ipime dhahabu, shaba inayoyeyuka kwa sayanaidi, zebaki, na ifanye jaribio la chupa la saa 24, yaani kuzungusha marudio na sayanaidi ndani ya chupa. Chupa ikitoa chini ya nusu ya dhahabu, sisi tusingenunua kwa bei yoyote.

Kipimo cha zebaki ni lazima. Marudio ya mwaloni mara nyingi bado yana zebaki, na sayanaidi huiyeyusha pamoja na dhahabu. Sehemu inakwenda kwenye kaboni na kumpanda puani mtu wa ilusheni. Nyingine inabaki kwenye maji machafu yanayoweza kufika ziwani, kwenye samaki tunaokula. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, unataja kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki kati ya tabia za kukomeshwa. Ondoa zebaki kwanza, kabla ya kutia sayanaidi. Pia usihamishe mzigo bila kibali cha Afisa Madini Mkazi.

SWALI: Nitajuaje kiasi cha chokaa? Fundi wangu anakadiria kwa mkono. (Msomaji, Sengerema)

JIBU: Pima kilo 1 ya marudio makavu, weka kwenye ndoo na lita 1 ya maji. Ongeza chokaa gramu 1, koroga, subiri dakika 15, pima pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikipanda, asidi imepungua). Endelea hadi ifike 10.5 na ibaki hapo saa nzima. Ukitumia gramu 3, basi ni kilo 3 kwa tani; vati la tani 40 linahitaji kilo 120. Chokaa ichanganywe na marudio wakati wa kujaza. Ukiimwaga juu, itabaki juu. Mfuko uliokaa wazi umeshapoteza nguvu, kwa hiyo pima kwa chokaa ileile utakayotumia.

Sayanaidi haiingii kabla pH haijatulia. Ikishuka kwenye 9.2, nusu yake imeshageuka kuwa ile inayopaa kama gesi ya kuua. Usitegemee harufu: watu wengi hawaisikii kabisa.

SWALI: Maji hayashuki kwenye vati langu, siku ya tatu sasa. (Msomaji, Misungwi)

JIBU: Ni udongo wa mfinyanzi, au vibarua waliukanyaga mzigo wakati wa kujaza. Kumwaga maji zaidi hakusaidii. Toa mzigo, changanya kilo 5 hadi 10 za saruji kwa tani pamoja na chokaa yako, nyunyiza maji hadi ukifumbata mkononi ushikane bila kutiririka, uache siku 2 au 3 ukomae. Jaza upya kwa koleo, bila mtu kusimama juu. Chini kuwe na kokoto, kisha mchanga mkubwa, kisha magunia. Acha nafasi juu kwa mvua ya masika.

SWALI: Maganzo, Shinyanga, wanatumia zebaki kwa almasi? (Msomaji, Magu)

JIBU: Hapana. Almasi haishikani na zebaki. Ni nzito kuliko mawe mengi yanayoizunguka, kwa hiyo wachimbaji wadogo hutumia chekeche na maji: mizito inajikusanya katikati, unageuza chekeche na kuchambua kwa macho. Almasi pia haipendi maji bali hunata kwenye grisi, na migodi imetumia meza zilizopakwa grisi kuikamata.