Papa, nguo za baridi utanunua hukohuko

Wiki hii baba mmoja wa Kolwezi ameniandikia. Binti yake amepata mfadhili, anakwenda India kuwekewa kipandikizi cha koklea, kifaa cha umeme kinachoingizwa ndani ya sikio ili asiyesikia apate kusikia. Anauliza abebe nguo gani. Papa, nguo utanunua hukohuko. Niulize habari za sikio.

Mimi, kabla ya operesheni kama hiyo, nilikuwa bado nasikia sauti nzito: lori la madini likipita, besi ya kwaya, yaya wangu akikohoa chumba cha pili. Zilizokuwa zimekufa ni sauti nyembamba, zile zinazobeba maneno. Leo naongea kwenye simu, tena na wale mashemeji walionicheka hapa Lubumbashi. Lakini besi ile ilikwenda na haikurudi, wala kabla ya kisu hakuna aliyenitajia kwamba inaweza kwenda. Hilo bado linaniuma.

Koklea ni mfereji uliojikunja kama konokono, mizunguko miwili na nusu hivi. Waya wenye elektrodi huingizwa kwenye njia ya chini. Juu yake kuna utando mwembamba wenye seli za kusikia. Ncha ikiutoboa na kuhamia njia ya juu, seli zinakufa, na kwa binadamu hazioti tena. Hata usipotoboka, waya ukisukumwa haraka majimaji ya ndani yanapata shinikizo. Baadaye uvimbe na makovu humalizia kazi. Ndiyo maana wengine hutoka wakisikia, kisha miezi ikipita usikivu huo unapotea.

Tangu 1993 daktari Mjerumani Ernst Lehnhardt aliandika jinsi ya kuingiza waya kwa upole ili kuokoa usikivu uliobaki. Kwa hiyo muulize daktari wako: atapitia dirisha la duara, yaani kile kitundu cha asili cha koklea chenye utando? Atasukuma polepole? Atatoa dawa za steroidi za kutuliza uvimbe? Urefu wa waya ameupima na skana ya mtoto?

Wazazi, tunaogopa mno koti jeupe. “Munganga anajua.” Anajua, ndiyo, lakini sikio ni la mwanao. Ulizeni! Akikasirika, ulizeni tena.

Papa, kama audiogramu ya binti, ile karatasi ya kipimo cha usikivu, haina kitu hata upande wa besi, msichelewe, ubongo wa mtoto haungoji. Ikiwa kuna kilichobaki, niandikie tena ukiwa na karatasi hiyo mkononi, kabla ya kulipa tikiti.