Noah ya kujipangia mpaka Burundi: maswali yenu ya wiki hii

Likizo inakaribia na simu yangu haipoi. Ujumbe mwingi ni wa aina moja: familia, au kikundi cha akina mama, au vijana wa ofisi moja, wanataka kukodi gari la peke yao, mara nyingi Toyota Noah, wavuke mpaka wa Manyovu asubuhi, watembee ng'ambo kwa ratiba yao wenyewe, jioni warudi kulala Kigoma. Inawezekana. Nimeshaifanya safari hiyo zaidi ya mara moja, na kuna mara niliivuruga mwenyewe. Nitawasimulia huko chini.

Shikamoo. Tuko sita, tunakaa Mwanga, hapa Kigoma. Tunataka Noah itupeleke Bujumbura, tuone jiji, tuogelee, turudi siku hiyohiyo. Dereva anasema haina shida. Kweli haina?

Marahaba, mama. Dereva akikwambia haina shida, mwulize swali moja tu: saa sita mchana tutakuwa wapi? Akianza kukuna kichwa, ujue.

Hesabu ya safari hii ni ya saa, kilomita hazikusaidii. Kigoma mpaka Manyovu ni kama kilomita 60, lami tupu, ila milima ya Buhigwe haikubali gari lililojaa watu na mabegi likimbie. Mkitoka saa 12 kamili asubuhi (na kutoka maana yake magurudumu yanazunguka, si mtu mmoja bado anatafuta chaja), mko mpakani kwenye saa moja na nusu. Hapo kuna kugonga pasi kutoka Tanzania, kugonga pasi kuingia Burundi, kadi za chanjo, na gari lenyewe lina foleni yake forodhani. Wekeni saa moja, na mkikuta basi limewatangulia wekeni mbili. Ndiyo kwanza mnaingia Mugina, upande wa Burundi. Bujumbura iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kigoma, na njiani kuna vizuizi vya polisi. Mtafika jijini wakati wa chakula cha mchana, mtakula, mtageuza. Jiji mtakuwa mmeliona kupitia kioo.

Ushauri wangu: kwa siku moja, mwisho wenu uwe Nyanza-Lac. Kutoka Kigoma ni kama kilomita 100 na ushee kupitia Mabanda, iko ufukweni mwa ziwa Tanganyika, hilihili letu, na mtapata saa nne au tano za kukaa chini bila kuangalia saa. Bujumbura mpeni siku mbili, mlale huko usiku mmoja. Mwambie dereva abadilishe bei kabisa, asikwambie "tutaona".

Mmoja ametutajia 350,000 gari tupu, mafuta juu yetu. Mwingine 90,000 kwa kichwa, kila kitu ndani. Tuko sita, tunakwenda Nyanza-Lac. Yupi anatuibia?

Huenda hakuna anayewaibia. Tupige hesabu. Wa pili ni 540,000, yaani zaidi ya wa kwanza kwa 190,000. Kwenda, kurudi na kuzungukazunguka kidogo, chukulia kilomita 250. Noah iliyobeba watu, kwenye milima, mpe lita moja kwa kilomita kumi: lita 25. Ukiweka 3,500 kwa lita, ni 87,500. Inabaki laki moja na kidogo. Ndani ya hiyo kuna karatasi za gari mpakani, bima ya kuvukia, chakula cha dereva, maegesho. Kama kweli vyote vimo, huyo wa pili anawauzia usingizi mzuri. Kama "kila kitu" chake ni mafuta na tabasamu, basi mlipeni wa kwanza.

Kwa hiyo mwandikieni ujumbe, hata wa WhatsApp, mkitaja kitu kimojakimoja: mafuta juu ya nani, bima ya ng'ambo juu ya nani, dereva anakula kwa nani, gari likiharibika Mabanda tunarudije. Kwa bei ya kichwa kuna mtego mdogo: mtu mmoja akiugua asubuhi ile, mko watano. Je, mnalipa 450,000 au bado 540,000? Ulizeni kabla ya kutoa arbuni. Na arbuni yenyewe isizidi theluthi. Ukishalipa yote, simu yako hupokelewa kwa uvivu.

Sina pasi, nina kitambulisho cha NIDA. Jirani anasema wa Manyovu wanavuka kila siku bila chochote.

Jirani anasema kweli kuhusu watu wa Manyovu, na wewe si wa Manyovu. Anayevuka na beseni la mihogo kwenda gulioni anajulikana pande zote mbili. Wewe umeshuka kwenye Noah na miwani ya jua. Kitambulisho cha taifa kina kazi yake katika safari za baadhi ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini kwa Burundi chukua pasi ya kusafiria, au kama muda hautoshi, hati ya dharura ya kusafiria kutoka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Viza huhitaji, wewe ni Mwanajumuiya. Mtoto naye awe na hati yake mwenyewe, na akisafiri na mzazi mmoja au na shangazi, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki.

Halafu kuna kadi za njano, na hapa watu huchanganya kila mara. Ziko mbili. Moja ni ya mtu: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukichomwa Alhamisi kwa safari ya Jumapili umechelewa. Ukishachanjwa imetosha, tangu mwaka 2016 cheti hicho hakiishi muda. Ya pili ni ya gari: kadi ya njano ya COMESA, yaani bima inayoifuata gari ng'ambo ya mpaka. Tanzania ilitoka COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000 lakini kwenye mpango huo wa bima bado tumo, na makampuni yetu huitoa. Siku moja nilimwuliza dereva kama ana kadi ya njano, akanionyesha ya chanjo yake, kwa fahari kabisa. Ya gari hakuwa nayo.

Shemeji yangu ana Noah nzuri, mpya, ya nyumbani. Si afadhali yeye kuliko kukodi kwa mgeni?

Tazama namba za gari. Za njano ni za gari binafsi, nyeupe ni za biashara. Shemeji akiwapeleka kama familia, mkachangia mafuta, hakuna neno. Akiwatoza nauli, bima yake ya gari binafsi inaweza kuwaacha mkono siku ya ajali, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko faini. Pia kama kadi ya usajili wa gari ina jina la mtu mwingine, abebe barua ya mwenye gari iliyogongwa muhuri wa wakili, pamoja na kadi halisi. Nakala haitoshi forodhani.

Tena mwulize shemeji kama ameshaendesha upande wa kulia. Burundi wanapita kulia, sisi kushoto, na usukani wetu uko kulia. Maana yake dereva wetu akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja mbele. Anayekaa siti ya mbele kushoto ndiye jicho lake. Msimweke hapo mtu wa kusinzia. Na jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia mpaka nilipoliona: mlango wa kusukuma wa Noah nyingi za zamani uko kushoto tu. Kwetu unashukia pembeni ya barabara. Kule gari likiegeshwa kulia, mlango huohuo unafungukia katikati ya barabara. Tulipofika Mabanda mtoto wa rafiki yangu aliusukuma, akaruka kama alivyozoea, na bodaboda ikampita kwa upana wa kiganja. Tangu hapo mtu mzima ndiye anayekaa mlangoni.

Tulikodi gari "la kujipangia". Njiani tukaona tuache ziwa, twende maporomoko ya Karera. Dereva akakataa. Si gari letu siku hiyo?

Gari ni lenu, barabara si yenu. Pale Mabanda njia zinaachana: moja inashuka ziwani, Nyanza-Lac, nyingine inapanda Makamba kuelekea Rutana, na Karera iko huko Rutana. Ziwa na maporomoko ni siku mbili tofauti. Katika hili niko na dereva wenu, ingawa angeweza kuwaeleza kwa ulimi mzuri zaidi.

Kujipangia kuna mipaka yake, na ni bora mkaijua mkiwa bado sebuleni. Mnaweza kubadili mtakaa ufukweni muda gani, mtakula wapi, mtasimama wapi kupiga picha (si mpakani, wala karibu na askari). Hamwezi kubadili uelekeo baada ya Mabanda, wala saa ya kugeuza. Mimi huandika vituo vitatu, na cha tatu nakiita cha akiba: kikipatikana tunashukuru. Dalali akikuletea ratiba ya siku moja yenye vituo vinane, huyo hajawahi kusubiri muhuri.

Nasikia saa za kule ni tofauti. Inatuhusu nini?

Ndilo kosa langu nililowaahidi. Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja. Mkienda mnazawadiwa saa, mkirudi mnanyang'anywa. Tulikuwa Nyanza-Lac, nikamwambia dereva tuondoke saa tisa. Simu yangu ilikuwa imeshika mtandao wa kule ikajibadilisha yenyewe. Yeye ana saa ya mkononi, ya Kigoma. Saa tisa yake alikuja, akatukosa, akadhani tumeongeza muda, akaenda kulala chini ya mwembe mwisho wa kijiji na simu imeisha chaji. Saa tisa yetu tukatoka majini, gari halipo. Tulimpata baada ya kuulizauliza, na milima ya Buhigwe tukaipita gizani, kila mtu kimya. Siku hizi nasema "saa tisa ya Kigoma", na simu ya dereva inachajiwa kabla ya yangu.

Mimi ni mwalimu, Tabora. Tuko kumi na wawili, tunataka Hiace: Burundi, Rwanda na Congo siku moja, tupate mihuri mitatu.

Mwalimu, hapana. Kwanza kutoka Tabora lazima mlale Kigoma. Pili, Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, hivyo njia ya Rwanda iwe ile ya Kibondo, Kakonko, Nyakanazi hadi Rusumo, na hiyo ni safari nyingine kabisa yenye usiku wake. Mashariki ya Congo, Goma na Bukavu zilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mapema mwaka 2025. Huko siendi kutafuta muhuri. Chukueni mmoja wa Burundi, mwakani wa Rusumo, na daraja lake juu ya maporomoko ya Kagera linatosha kuwa kisa cha darasani.

Jumamosi inafaa? Na mafuta na fedha tubebe vipi?

Jumamosi asubuhi Warundi hufanya kazi za jamii, na magari husimama mpaka mnamo saa nne na nusu. Chagueni Jumapili au siku ya kazi.

Mafuta: jazeni tangi Kigoma. Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta kwa miaka kadhaa, na foleni za vituoni ni za kulala. Tangi la Noah huchukua lita 50 na zaidi, linakwenda Nyanza-Lac na kurudi bila kuomba msaada. Ndiyo sababu nyingine ya kuiacha Bujumbura. Madumu ya akiba msibebe, forodha watawauliza ninyi ni watalii au wachuuzi.

Fedha, badilini kidogo tu, kwenye duka rasmi au benki. Mtu akikukimbilia mpakani na bunda, angalia noti za 5,000 na 10,000: Juni 2023 Burundi ilibadili noti hizo na kuzifuta za zamani. Bunda likiwa la zamani, umenunua karatasi.

Mimi wa Ujiji. Nimesikia Warundi nao wana jiwe la Livingstone na Stanley. Si walikutana kwetu?

Kwetu, mwaka 1871, wala hilo halina mjadala. Baada ya kukutana Ujiji walipanda mtumbwi kwenda kaskazini ya ziwa, kutazama kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Unaingia. Njiani wakalala Mugere, kusini kidogo ya Bujumbura, na jiwe lina tarehe 25 Novemba 1871, wiki kadhaa baada ya Ujiji. Kwa hiyo wao wana mahali pa kulala, sisi tuna mahali pa kukutana. Liacheni kwa safari ya siku mbili.

Kule tutakula nini? Mama mkwe hali kitu asichokijua.

Atakijua. Migebuka yetu wao wanaiita mukeke, dagaa ni ndagala, na mawese ni yaleyale. Muha wa Kigoma na Mrundi wanaelewana kwa lugha, hivyo mama mkwe akiongea Kiha atahudumiwa kabla yenu. Samaki wa kuchoma huchukua muda. Agizeni kwanza, ndipo mwende kuogelea. Mimi nilifanya kinyume, na sahani ilifika dereva ameshawasha gari.