Kubadilisha nywila kila siku 60 kunamlinda nani?

SWALI: Mimi ni katibu muhtasi wa idara katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Kitengo cha TEHAMA kinatulazimisha kubadilisha nywila kila siku 60, na lazima iwe na herufi kubwa, tarakimu na alama. Juzi mshauri wa usalama alitupa semina, akasema siku 60 ni nyingi, ziwe 30. Mimi ninazisahau hadi nimebandika karatasi chini ya kibodi. Nitumie mbinu gani ya kutunga nywila mpya kila mara nisiisahau?

JIBU: Dada, mbinu unayo tayari. Nabashiri kwamba karatasi hiyo ina “Januari2025!” iliyokatwa, chini yake “Machi2025!” nayo imekatwa, kisha “Mei2025!”. Nimeziona karatasi za namna hiyo katika kila chuo nilichofanyia kazi, na sikulaumu. Ukimsumbua mtu mwenye kazi zake kila baada ya siku 60, atasogeza miezi miwili mbele na kuendelea na barua za mkuu wa idara.

Mwizi naye analijua hilo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, huko Marekani, walichunguza akaunti zaidi ya 7,700 za watu waliowahi kusoma au kufanya kazi pale, ambao walilazimishwa kubadilisha nywila kila miezi 3. Kwa asilimia 17 ya akaunti, aliyeijua nywila ya zamani aliipata iliyofuata kwa kubahatisha chini ya mara 5. Akiwa na faili la nywila zilizofumbwa (jinsi mfumo unavyozihifadhi ili zisisomeke), kompyuta yake ilifumbua asilimia 41 ya nywila mpya kwa sekunde 3 tu kila akaunti. Hao ni watu wa chuo, kama wewe na mimi.

Sharti la herufi kubwa na alama lilienezwa zaidi na mwongozo wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Aliyeuandika, Bill Burr, aliliambia gazeti la Wall Street Journal mwaka 2017 kwamba anajutia mengi aliyoyaandika humo. Mwaka huohuo NIST yenyewe ilishauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kwa kalenda, ila pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Mwandishi kajuta, taasisi kafuta, na mshauri wenu bado anatembea na slaidi zilezile akilipwa posho! Muulizeni siku 30 kazitoa wapi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kelele hizi zinaficha mlango ambao wezi wanaupitia kweli. Machi 2018 Marekani iliwashtaki Wairani 9 kwa kuvamia vyuo vikuu 144 vya nchini humo na vingine 176 katika nchi 21. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, profesa alipokea barua pepe kutoka kwa “profesa mwenzake” aliyeisifu makala yake, ikiwa na viungo vya makala nyingine. Akibofya, anakuta ukurasa unaofanana kabisa na ule wa kuingilia mfumo wa chuo chake. Anaandika nywila. Akaunti kama 8,000 zilikwenda hivyo. Hata ingekuwa na alama kumi na kubadilishwa jana asubuhi, mwenyewe kaikabidhi kwa mkono wake.

Huku kwetu wala hakuhitajiki ufundi huo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasajiliwa steshenari. Kijana wa pale anamfungulia barua pepe, anamtungia nywila na kuiandika nyuma ya risiti. Kijana huyo ana nywila za nusu ya bweni. Mifumo mingine nayo inaanza na jina la ukoo kwa herufi kubwa kama nywila, na jina hilo limebandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na namba ya usajili. Halafu kuna matapeli wa WhatsApp wanaojitapa “kurudisha akaunti” kwa elfu ishirini. Wanachokitafuta ni namba ile ya siri inayokujia kwa meseji; ukiwatumia, akaunti ni yao.

Sasa wewe. Omba TEHAMA wakuwashie uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nywila mfumo unakudai uthibitisho wa pili, kama vile kwenye simu yako. Hilo pekee lina faida kuliko kubadilisha nywila mara mia. Kisha tunga nywila ndefu ya maneno manne yasiyohusiana, uliyoyapata kwa kufungua kamusi bila kuchagua, mfano “stempu kifaranga ngazi dengu” (usitumie hayo, nimeshayatangaza). Methali, aya na mashairi ya Bongo Fleva usiguse. Wezi nao wanazijua. Mfumo ukidai tarakimu na alama, ziongeze popote na usipoteze usingizi. Na nywila hiyo isiwe ya benki wala ya Facebook.

Wakiendelea kung'ang'ania siku 60, tumia programu ya kutunza nywila ikutungie yenyewe. Huna? Andika karatasini, uiweke kwenye pochi pamoja na kadi ya benki. Ile ya chini ya kibodi itoe leo, kisha ubadilishe nywila hiyo, maana hapo sababu ipo: kila mwanafunzi aliyeegemea meza yako kuulizia matokeo ameshaisoma.