Uji wa mjukuu wangu

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza unga wa lishe wa mtoto uchanganywe vitu vingapi, maana mama mkwe wako kaleta wa vitu kumi na viwili nawe unaona haya kuukataa. Nitakujibu. Ila kwanza niambie: uji wenyewe unaupika mzito kiasi gani? Ukiinamisha kijiko unadondoka taratibu, au unachuruzika kama maji ya mchele?

Tumbo la mtoto ni dogo, nimeshasema mara ngapi. Kila kilo ya uzito wake ni kama mililita 30 za nafasi, kwa hiyo mwenye kilo saba anashiba kwa mililita 210, kikombe kimoja cha chai. Sasa mkumbuke kaka yako Omari. Miezi tisa, kilo saba, vikombe vitatu vya uji kwa siku, na mstari wake kwenye kadi ya kliniki umelala. Tulimpa kwa chupa, ile ya chuchu iliyokatwa kwa mkasi, na ili uji upite hapo ilibidi uwe mwepesi: gramu 50 za unga, vijiko vikubwa vitano hivi, kwa lita ya maji. Lita nzima ya uji huo ina kalori kama 175. Vikombe vyake vitatu havikufika 115, naye kwa umri ule alihitaji kama 300 juu ya maziwa yangu. Muuguzi akanitamkia mbele ya foleni: "Mama, humlishi mtoto." Na mtoto katoka kula hapo hapo kwenye benchi!

Alisema kweli, ndiyo inayoniuma. Au hakusema kweli: nilimlisha, ila maji.

Kwa hiyo wewe tia unga mara tatu, hata nne, ya ule wa Omari, utie na kijiko kimoja cha chai cha mafuta, umlishe kwa kijiko na bakuli. Kwa miezi saba aliyo nayo, anza na vijiko vikubwa viwili vitatu, upande hadi nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku, na ziwa lisipungue. Akifika tisa, mara tatu hadi nne.

Ukiona umesimama kama ugali, tia kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, ufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka uchipue, anika ukauke kabisa, pukuchua vichipukizi, saga. Usiukaange, moto mkali unaua nguvu yake. Uji ukiiva epua, usubiri uache kutokota, tia kijiko cha chai cha kimea, koroga. Dakika chache tu unalegea wenyewe bila tone la maji. Urudishe jikoni uchemke tena, maana kimea kibichi kina vijidudu.

Nafaka peke yake haina madini ya chuma ya kutosha, na akiba aliyozaliwa nayo inakwisha kwenye miezi sita. Mpe maini au nyama ya kusaga, dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa na chungwa pembeni. Chai asionjeshwe, inazuia chuma kisifyonzwe.

Haya, unga. Nafaka moja na jamii ya kunde moja inatosha. Ukivirundika vyote, kila kimoja kina muda wake wa kuiva: mchele umeshaiva, soya bado mbichi, na soya mbichi inazuia protini isimeng'enywe. Karanga zikisagwa humo unga unachacha upesi. Tena karanga na mahindi ndiyo makao ya sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, nayo haitoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga chambua mwenyewe, zilizosinyaa na zenye ukungu tupa, saga kidogo kidogo, uzitie uji ukiwa jikoni.

Lakini pengine mama mkwe wako kakaanga kila kitu mbali mbali, kachambua vizuri. Anaweza, ni mtu wa jiko. Unga wake sijauona, sisemi kitu.

Ila vitu kumi na viwili, Rehema! Basi, nimenyamaza.

Mama yako