Wasomaji Wanauliza: Vifaa vya Fundi wa Qipao

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Tanga. Mteja wangu aliniletea hariri nyekundu pamoja na picha ya gauni la Kichina liitwalo qipao, lenye kola ya kusimama na mpasuo wa pembeni, akitaka alivae kwenye harusi ya mdogo wake. Mwili wa gauni haukunishinda. Kilichonitoa jasho ni ule utepe mwembamba unaozunguka kola na ukingo wa kifua, kwa kuwa kila nilipoushona ulivutika na kufanya mawimbi, hata nikaufumua mara tatu. Je, mafundi wa zamani wa Kichina walikuwa na vifaa gani ambavyo mimi sina? Na vishikizo vile vya kitambaa hufungwaje vikashika umbo la ua?

Fundi wa kike, Tanga

JIBU: Dada fundi, kosa halikuwa la mikono yako wala la cherehani yako. Kilichokosekana ni kitu ambacho pengine hukukihesabu kuwa kifaa cha ushonaji, nacho ni uji wa unga wa ngano.

Utepe huo hukatwa mshazari, kwa digrii 45, ili uweze kuzunguka kola bila kukunjamana, lakini hariri iliyokatwa hivyo huvutika kila inapoguswa. Ndiyo maana fundi wa qipao, kabla mkasi haujaigusa hariri yake, huilaza kifudifudi mezani, akaipaka upande wa nyuma gundi ya unga uliopikwa kwa maji na kupoa, huku akiitandaza kwa kisu butu kisichoweza kukata hata karatasi, mpaka ubaki utando mwembamba tu. Ikishakauka, hariri hukatika kwa ukingo safi usiotoa nyuzi, hukubali kukunjwa kwa kucha, na hutulia chini ya sindano. Tahadhari ni moja: gundi ikizidi, doa hutokeza upande wa mbele, na hariri yenye doa la namna hiyo haina dawa.

Kifaa cha pili ambacho ningekushauri ukitengeneze wiki hii hii ni kifuko cha chaki. Ni kifuko kidogo cha kitambaa kilichojazwa unga wa chaki, na uzi wa pamba umepitishwa katikati yake. Uzi ukivutwa hutoka umejaa unga. Fundi huunyoosha juu ya kitambaa, msaidizi akashika ncha ya pili, kisha huuinua kidogo kwa vidole viwili na kuuachia ujipige. Hubaki mstari mwembamba ulionyooka, unaopanguswa kwa mkono baada ya kazi. Waashi na maseremala wetu hupiga mstari kwa njia hiyo hiyo, ila fundi wa hariri ana sababu ya ziada: chaki ya kipande ikikandamizwa huivuta hariri, na mstari hupinda.

Sasa pasi. Pasi ya mkaa tunayoijua sisi ni kasha lenye mfuniko, lakini ya kale ya Kichina, yundou, ilikuwa kama kikaango cha shaba chenye mpini mrefu, kilichojazwa makaa wazi na kupitishwa juu ya kitambaa kwa kitako chake. Ilikwisha kuwapo zama za utawala wa Han, takriban miaka 2,000 iliyopita, na katika mchoro wa karne ya 12 uliohifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Boston wanaonekana wanawake wa ikulu wakiinyoosha hariri kwa kifaa hicho, wengine wakiivuta huku na huku. Kwa sehemu nyembamba kama kola kulikuwa na laotie, kipande kidogo cha chuma chenye mpini kinachotiwa motoni. Usidhani pasi ilikuwa ya kuondoa makunyanzi tu. Qipao ya zamani ilikatwa bapa, bila mshono wa begani wala mishono ya kubana kiuno, kwa hiyo umbo la mwili lilitafutwa kwa joto na unyevu, kitambaa kikivutwa mahali na kusinyazwa mahali. Binafsi naona hapo ndipo ulipokuwa ufundi wenyewe.

Mengine nitayapitia upesi. Subana yao, dingzhen, ni pete pana yenye vijishimo, huvaliwa kidole cha kati, na sindano husukumwa kwa ubavu wa kidole badala ya ncha. Mikasi yao ina vishikio vikubwa vinavyomeza vidole vyote. Ya Zhang Xiaoquan wa Hangzhou, jina linalohesabiwa tangu 1663, ndiyo yenye sifa zaidi. Kuhusu vipimo, jihadhari na michoro ya zamani inayotaja chi. Sheria ya China iliyoanza kutumika mwaka 1930 ilifanya chi kuwa theluthi moja ya mita, lakini kwa sheria ya Hong Kong chi ni zaidi ya sentimita 37. Ukichanganya hizo mbili, gauni litamshinda mteja kuvaa.

Hizo tofauti za miji zina maana kwa vazi hili. Qipao ilishamiri Shanghai katika miaka ya 1920, mwaka 1929 serikali ikaitambua kuwa vazi rasmi la wanawake, na baada ya 1949 mafundi wengi walihamia Hong Kong. Cherehani walikuwa nazo, ila ukingo na vishikizo waliviachia mkono.

Nikirudi kwenye vishikizo, ambavyo huitwa pankou, utepe ule ule wa mshazari uliopakwa gundi hukunjwa na kushonwa uwe kamba nyembamba. Kwa kishikizo cha kawaida, kamba hufungwa fundo upande mmoja na kuachwa kitanzi upande wa pili. Kwa kile cha ua, waya mwembamba wa shaba hulazwa ndani ya utepe, fundi akaupinda kwa kibano petali moja baada ya nyingine, akizikaza kwa uzi upande wa nyuma, na nafasi za katikati hujazwa pamba iliyofunikwa hariri ya rangi nyingine. Anza na hariri chakavu, na waya uwe laini kiasi cha kupindika kwa vidole, kwani mgumu utatoboa utepe siku ya kwanza gauni likifungwa.